Barua ya wazi kwa Bodi ya Shule na Mwalimu Mkuu: tunaomba karakana ifunguliwe

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Wajumbe wa Bodi,
na Mwalimu Mkuu.

Waheshimiwa,

YAH: KUFUNGWA KWA KARAKANA YA UBUNIFU NA KUONDOLEWA KWA KAZI ZA WANAFUNZI

Rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa wanafunzi wawili wa shule hii, na kwa kazi ni fundi seremala. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikijitolea kila Alhamisi alasiri katika karakana ya ubunifu, kile chumba cha mwisho kwenye jengo la zamani ambamo watoto hubuni na kutengeneza vitu kwa mikono yao. Tangu katikati ya muhula uliopita chumba hicho kina kufuli. Nimewaandikia barua mbili, nimefika ofisini mara tatu, na mara zote nimeambiwa kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Nimesubiri kwa heshima kadiri nilivyoweza. Leo naandika hadharani kwa sababu muhula huu nao unakwisha, watoto wa darasa la mwisho wanaondoka, na sijapata jibu hata la mstari mmoja.

Sikusudii kumchafulia mtu jina. Najua mzigo wa kuendesha shule, na sijasahau kwamba ni Bodi hii hii iliyoridhia karakana ianzishwe wakati wengi walikuwa hawaelewi ni ya nini. Naandika kwa sababu nilikuwepo. Niliona kilichotengenezwa, kisha nikaona kilivyobomolewa, na naamini walioagiza kibomolewe hawakuelezwa vizuri kilikuwa kitu gani. Basi nianze hapo.

Mlango wa maktaba una ngazi tatu, kila moja ina kimo cha sentimita 15. Mwanafunzi mmoja wa shule hii anatumia kiti cha magurudumu, na tangu aje hapa amekuwa akiingia maktaba kwa kubebwa: wenzake wawili wanashika kiti mbele, mmoja anashika nyuma. Siku moja karakanani, huku akiendelea kupiga msasa kazi yake na wala bila kuinua macho, alisema kwamba haendi maktaba anapotaka kitabu. Anakwenda pale tu wanapopatikana watatu wenye nguvu wa kumbeba. Chumba kilinyamaza. Kisha msichana mmoja akachukua futi kamba akatoka nje.

Aliporudi alikuwa na namba moja tu: 45. Ndicho kimo chote cha kupanda. Wakachukua ubao wa mita mbili, wakauegemeza kwenye ngazi, wakapakia kiti mifuko ya mchanga yenye uzito wa mtoto, wakasukuma. Wawili walishindwa kukipandisha, na kilipowarudia nusura kibinuke. Mimi nilikuwa pembeni na sikusema neno, maana ubao wenyewe ulikuwa umeshasema. Wakaenda kutafuta, wakakuta kipimo kinachotumika sana duniani kwa njia za mteremko za viti vya magurudumu: kwa kila sentimita moja ya kupanda, ziwepo sentimita 12 za kwenda mbele. Hapo mtu anaweza kujisukuma mwenyewe bila kiti kumwangusha. Sentimita 45 mara 12 ni 540. Walishtuka sana, walidhani ubao mmoja ungetosha.

Halafu yule msichana wa futi kamba akasema kuna kosa. Akaeleza kwamba 540 ni urefu wa pale chini, sakafuni, na ubao hautalala sakafuni, utakaa mshazari, kwa hiyo lazima uwe mrefu zaidi. Wakachora pembetatu mraba, wakatumia kanuni ya Pythagoras, wakapata karibu sentimita 542. Tofauti ni sentimita mbili. Nimeshika msumeno kwa miaka mingi, na nawahakikishia kwamba sentimita mbili ndizo zinazotenganisha kazi iliyokaa na kazi inayocheza.

Waliigawa njia hiyo vipande vitatu ili ibebeke. Wakaweka kingo za sentimita tano pembeni, gurudumu lisichomoke. Wakapaka gundi juu na kunyunyizia mchanga, mvua ikinyesha pasiteleze. Kila mguu waliupima kwa pimamaji, na miguu miwili waliikata upya baada ya kuona kiputo hakitulii katikati. Kazi hiyo ilichukua wiki nne. Alhamisi ya mwisho mwenzao alipanda mwenyewe, kwa mikono yake, akaingia maktaba, na akakaa humo mpaka kengele ikagongwa. Pembeni ya njia walisimamisha kibao kidogo walichokiandika kwa rangi: "Hii ni ya mbao, itaoza. Tunaomba ya zege."

Jumatatu asubuhi njia ilikuwa imevunjwa, mbao zimerundikwa nyuma ya stoo, kibao hakionekani, na mlango wa karakana una kufuli. Kazi nyingine mbili zilizokuwa zikisubiri siku ya wazazi ziliondolewa pia. Maelezo pekee niliyopewa, tena kwa mdomo, ni kwamba karakana imegeuka kituo cha harakati.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Njia ilibomolewa bila mtu kuikagua.

Kama tatizo lilikuwa usalama, lilikuwa na dawa yake. Mtu angekuja, angepanda juu yake, angeitikisa, angesema mguu huu unacheza, urekebisheni. Watoto wangeurekebisha siku hiyo hiyo. Wiki nne zote walikuwa hawafanyi kingine ila kurekebisha. Hakuja mtu yeyote. Ilitangulia nyundo, na maelezo hayajafika hadi leo.

Hapa nina kosa langu na nalikiri. Hatukuomba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuiweka njia ile mlangoni. Nilidhani kumwarifu mwalimu wa zamu kunatosha. Hakukutosha, kwa sababu jengo ni la shule na anayewajibika mtu akiumia ni shule. Naiomba radhi ofisi ya Mwalimu Mkuu kwa hilo. Lakini lile lilikuwa kosa la mtu mzima, na adhabu wamebebeshwa watoto.

Ombi la kibao kile, kwa upande mwingine, halikuwa uchokozi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaja shule waziwazi katika ibara ya 9, pale unapoeleza majengo ambayo watu wote wanapaswa kuyafikia. Watoto hawa hawakuwa wameusoma mkataba huo. Walipima ngazi tu, wakafika palepale.

2. Kazi mbili nyingine zimechukuliwa, na hatujui ziko wapi.

Ya kwanza ilihusu bomba la uani linalovuja. Vijana wawili walikaa nalo na saa, wakaona linadondosha tone moja kila sekunde. Matone kama 20 hufanya mililita moja, na siku ina sekunde 86,400. Kwa hesabu hiyo bomba linamwaga zaidi ya lita nne kwa siku, na zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka, kwa tone ambalo sote tumelizoea na tunalipita. Wakaipanga micro:bit, bodi ndogo ya kompyuta ya kujifunzia, ihesabu lita hizo na kuzionyesha kwa taa zake 25, wakaifunga ukutani juu ya bomba. Siielewi sababu ya kuondoa kazi hiyo. Haikumtaja mtu. Ilihesabu maji tu. Na kama kuna aliyeona aibu kwa namba ile, bomba linatengenezwa kwa kubadilisha mpira mmoja wa ndani, na mimi niko tayari kuubadilisha.

Ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi. Ni kitambaa cha viraka. Kila mtoto aliyetaka alishona kiraka cha sentimita 30 kwa 30 kuhusu jambo alilotendewa au kuambiwa na wenzake hapa shuleni likamkaa moyoni. Wazo hilo walilipata walipojifunza kuhusu kitambaa kikubwa cha kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI nchini Marekani, kilichotandazwa kwa mara ya kwanza Washington mwezi Oktoba 1987. Kilikuwa na vipande 1,920, kila kimoja kikikaribia sentimita 90 kwa 180, ukubwa unaolingana na kaburi, na vilishonwa na ndugu, marafiki na wapenzi wa marehemu wakati ambapo wengi hawakutaka hata kuutaja ugonjwa ule. Watoto walielewa haraka kwamba sindano na uzi vinaweza kusema jambo ambalo mdomo unashindwa kulisema.

Kiraka kimoja hakikuwa na neno lolote. Kilikuwa na mfuko wa shati uliochanika, na uzi mwekundu, kwa mishono mirefu isiyolingana, ukiurudisha mfuko mahali pake. Aliyekishona hakutuambia ni shati la nani, nasi hatukumuuliza. Nataka kujua kitambaa kile kiko wapi. Si mali yangu wala si mali ya ofisi. Kila kiraka kina mwenyewe.

3. Kinachotolewa kama mbadala hakijazi pengo.

Tangu karakana ifungwe, watoto wanapewa darasani visanduku vya vipande vilivyokatwa tayari, watengeneze taa ya mezani kwa kufuata hatua kutoka ya kwanza hadi ya 14. Sivipingi visanduku hivyo. Mkono hujifunza kwa kuiga. Mimi mwenyewe nilianza kwa kunakili vigoda vya aliyenifundisha kazi. Mtoto anayejifunza kulehemu waya kwa mara ya kwanza anahitaji kazi ambayo mwisho wake unajulikana. Ila taa zote zikishakamilika zinafanana, na hakuna mtoto anayebaki na swali. Visanduku vinafaa viwe mlango wa kuingilia karakana. Sasa vimefanywa ndiyo karakana yenyewe.

Mtu ambaye fikra zake zimezaa sehemu kubwa ya tunachokiita leo karakana za ubunifu za shule ni Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Alipokuwa kijana alishiriki kuupinga ubaguzi wa rangi nchini kwao. Baadaye, akiwa Marekani, yeye na wenzake walibuni Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta ya watoto. Alishikilia kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi anapokuwa anatengeneza kitu ambacho watu wengine watakiona, iwe ngome ya mchanga ufukweni au nadharia kuhusu ulimwengu. Kwa hiyo kuonyesha ni sehemu ya kujifunza. Mtoto akijua kwamba kazi yake itatumiwa na mwenzake kesho asubuhi, huipima mara tatu. Njia ile ya mbao ilipimwa upya kwa sababu hiyo, na sijawahi kuona mtoto akipima upya mguu wa taa ya kisanduku.

Waswahili husema vyaelea vimeundwa. Nasi tunataka watoto wajue kwamba hata ngazi za maktaba zimeundwa: kuna mtu alizichora, mwingine akazijenga, na kwa hiyo zinaweza kuundwa upya.

4. Watoto hawakuambiwa kitu.

Wiki moja baada ya kufuli kuwekwa, yule msichana wa futi kamba alinisimamisha getini. Aliniuliza, "Fundi, tulikosea kipimo?" Alikuwa amerudia hesabu usiku, peke yake, kwenye karatasi aliyokuwa ameikunja mfukoni. Alidhani njia ilivunjwa kwa sababu alikosea. Nilimwambia hesabu yake ni sahihi. Swali lake la pili, kwamba kama ni sahihi kwa nini imevunjwa, sikuweza kulijibu, na ninalileta kwenu kama lilivyo.

Sasa niseme kuhusu majibu ninayoyatarajia, maana mengine nimeshayasikia kwenye korido.

Litakuja jibu kwamba shule si mahali pa siasa. Kama watoto wangepaka rangi za chama kwenye njia ile, au kutundika picha ya mgombea, ningekuwa wa kwanza kuifuta. Lakini ngazi hazina chama, na bomba halipigi kura. Mwezi Desemba 1965, huko Des Moines, Marekani, wanafunzi wachache walifunga vitambaa vyeusi mikononi kuwaombolezea waliokufa katika vita vya Vietnam. Mmoja wao, Mary Beth Tinker, alikuwa na miaka 13. Walisimamishwa shule. Kesi yao ilifika Mahakama ya Juu, na Februari 1969 majaji saba kati ya tisa waliwapa haki wanafunzi. Kipimo walichokiweka ni kwamba shule haiwezi kuwazuia wanafunzi kutoa maoni yao kwa kuhofia tu kwamba huenda ikatokea fujo. Lazima iwe na sababu ya kweli ya kuamini kwamba masomo yatavurugwa au haki za wengine zitaguswa. Hiyo ni sheria ya Marekani na haituhusu moja kwa moja. Ila kipimo chenyewe ni cha haki, nami nawauliza kwa kukitumia: njia ile ilivuruga somo gani? Ilimziba nani asipite?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 ndio unaohusu karibu nchi zote duniani. Ibara ya 12 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomgusa. Ibara ya 13 inataja na njia za kuyatoa: kwa mdomo, kwa maandishi au chapa, kwa sanaa, au kwa chombo kingine chochote anachokichagua mwenyewe. Hawa walichagua mbao, uzi na taa.

Kuhusu usalama wa chumba chenyewe, nitakuwa mfupi kwa sababu kumbukumbu zipo. Kwa miaka mitatu tumeandika katika daftari la ajali vidole viwili vilivyokatika kidogo na kimoja kilichoungua kwa chuma cha kulehemu. Hakuna mtoto anayegusa drili bila miwani na bila mtu mzima pembeni. Daftari limefungiwa humo ndani; fungueni mlisome.

Kuhusu hoja kwamba karakana inawapotezea watoto muda wa mitihani, nimeshaeleza juu ya Pythagoras. Kanuni hiyo watoto walikuwa nayo kichwani tangu darasani, ila hapa ndipo walipoihitaji.

Na gharama ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mbao nyingi ni mabaki ya kwangu, vitambaa vinatoka majumbani, na boksi za karatasi ngumu hazijawahi kuisha.

Jibu zito kuliko yote, na ambalo naliheshimu, ni kwamba watu wazima tunawatumia watoto kusema ya kwetu. Hatari hiyo ipo. Nimewahi kuona mabango yaliyoandikwa na watu wazima yakibebwa na watoto wasiojua yanasema nini, na sikupendezwa. Ndiyo maana karakana ina kanuni moja tusiyoivunja: mtu mzima hapendekezi tatizo. Anafundisha kushika chombo, anauliza maswali, anazuia mtu asiumie. Muhula ule mimi nilikuwa nimeandaa mbao za kutengeneza rafu za vitabu. Nilikuwa nimeshazipiga randa, nimeshazipanga ukutani. Watoto walizitazama rafu zangu kwenye mchoro, wakasema kuna mwenzao asiyeweza kuzifikia hata zikitengenezwa. Mbao za rafu ndizo zilizogeuka njia. Kama kuna aliyemwongoza mwenzake siku ile, ni mimi niliyeongozwa.

Mwisho nimesikia ikisemwa kwamba watoto wasubiri wakue, mambo ya majengo na taratibu yana wenyewe. Kwa hilo naomba mnivumilie nieleze habari moja.

Mwaka 1819 mtoto wa miaka 10 aitwaye Louis Braille alipelekwa katika shule ya vijana wasioona mjini Paris. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na Louis alipoteza uwezo wa kuona baada ya kujichoma jicho kwa chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi, katika karakana ya baba yake, akiwa na miaka mitatu. Shuleni walisoma vitabu vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa, vikubwa, vizito na vichache, na mtoto hakuweza kuandika kwa namna hiyo. Afisa mmoja wa jeshi, Charles Barbier, alikuwa amebuni mwandiko wa nukta 12 wa kusomeka kwa vidole. Louis aliupunguza hadi nukta sita, ili herufi nzima itoshe chini ya ncha ya kidole kimoja. Aliukamilisha mwaka 1824, akiwa na miaka 15, na kidude cha kutobolea nukta hizo ni ndugu wa kile kile kilichompofua. Wanafunzi wenzake waliupenda mara moja, kwa sababu uliundwa na mtu aliyekuwa na shida ile ile. Shule yenyewe ilichelewa. Iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya Louis kufariki.

Nimeileta habari hiyo kwa sababu ya miaka 30 iliyo katikati. Waliokuwa wakiongoza shule ile hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na vitabu vyao, taratibu zao na sifa ya shule ya kulinda, na wengi wao walikuwa wanaona, hivyo herufi zilizoinuliwa kwao zilionekana zinatosha. Nasi tunaopanda ngazi za maktaba bila kuzihesabu tunaona hivyo hivyo.

Ninachoomba, Waheshimiwa, ni mambo machache. Karakana ifunguliwe kabla ya muhula huu kwisha, ili watoto wa darasa la mwisho wapate walau Alhamisi mbili. Kitambaa cha viraka na kifaa cha bombani virudishwe kwa waliovitengeneza, na ikiwa kimojawapo kimeharibika, waambiwe ukweli. Watoto waachiwe kuchagua tatizo wanalotaka kulishughulikia, hata likiwa ndani ya shule yenyewe. Hilo ndilo kiini cha barua hii, na karakana ikifunguliwa bila hilo nitakuwa nimeandika bure. Sambamba na hayo, tuandike utaratibu wa kurasa mbili: kitu kinachokwenda kusimama nje ya chumba kikaguliwe kwanza, mkaguzi atoe jibu ndani ya siku saba, na akikataa aandike sababu ambayo mtoto wa miaka 12 ataielewa. Niko tayari kuuandika pamoja na mwalimu yeyote mtakayemteua, na kila mradi uwe na daftari linaloonyesha wazo lilitoka kwa nani.

Naomba pia mtu aliye na mamlaka akae na watoto wale kwa dakika 20 na kuwaeleza kwa nini kazi yao ilivunjwa. Iwapo sababu ni nzuri, wataielewa. Kama haikuwa nzuri, wanastahili kuombwa radhi.

Kuhusu njia ya zege, sidai ijengwe kesho. Ninaomba iingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Bodi, na yule msichana pamoja na mwenzake wa kiti cha magurudumu waalikwe kuwasilisha vipimo vyao. Michoro wanayo.

Kuna jambo moja lisiloweza kusubiri kikao. Mbao zile nyuma ya stoo zimelala juu ya udongo, na mvua zimeshaanza. Nimezitazama juzi kupitia uzio: za chini zimeshaanza kuvimba pembeni, za juu bado nzima. Naomba ruhusa niingie Alhamisi hii saa tisa alasiri na watoto wawili, tuzinyanyue, tuzipange juu ya matofali na kuzifunika. Kazi hiyo haitazidi nusu saa, na hatutagusa kufuli.

Wenu mtiifu,

Mzazi, fundi seremala na mjitoleaji wa karakana

Nakala:
Kamati ya Wazazi
Walimu wa Hisabati, Sayansi na Sanaa
Wanafunzi wa karakana